Vidonge Vinne kwa Siku: Maisha ya Baba Yetu Adrian Parsimei Senteu, 1964–2025

Baba Padri, wazee wa rika la Makaa, akina mama, majirani wa Kakesio, na ninyi mliotoka Karatu na Malambo kuja kutushika mkono, asanteni. Mimi ni Sinyati, mtoto wa kwanza wa marehemu, muuguzi kule Karatu. Wasifu huu nimeuandika mimi, kwa hiyo palipo na kosa msiwalaumu wadogo zangu.

Marehemu Adrian Parsimei Senteu alizaliwa hapa Kakesio, mtoto wa tatu wa mzee Senteu. Vyeti vyake vyote vinasema tarehe 1 Julai 1964, tarehe aliyoandikiwa siku ya ubatizo kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nyingine. Bibi alikumbuka tu kwamba mvua za masika zilikuwa zimezidi na ndama wanakufa kwa baridi, jambo lisilopatana na Julai hata kidogo. Marehemu aliipokea tarehe hiyo kwa adabu, na tulipoanza kumletea keki aliila bila kuuliza maswali.

Alisoma Shule ya Msingi Endulen kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akilala bwenini. Alipenda kusimulia kwamba walipokuja kuchukua mtoto mmoja kwa kila boma, baba yake alimtoa yeye kwa sababu wiki hiyo alikuwa amepoteza mbuzi wawili. Rafiki yake Tajewo, wa boma la jirani, alitolewa kwa kosa kama hilo. Wachungaji wawili wabovu wakarudi wanajua kusoma na kuandika. Mwaka 1981 walitahiriwa siku moja, wakaingia rika moja. Tangu siku hiyo marehemu alishika mwiko wa morani kwamba mwanaume hali peke yake wala hanywi maziwa bila mwenzake wa rika. Wengi wakishaoa huulegeza. Yeye hakuulegeza, na mama anajua ni vyakula vingapi vilipoa jikoni vikisubiri mtu apite njiani.

Kuanzia mwaka 1993 alifanya kazi na kampuni moja ya utalii ya Karatu, akiongoza punda waliobeba mahema na vyakula vya wageni kutoka Nainokanoka, kupitia Empakaai, hadi Engaresero. Ni mwendo wa siku tatu, na mteremko wa mwisho hauna huruma na magoti. Mzigo aliofunga yeye haukuanguka njiani. Wageni wengi waliondoka wanajua neno moja tu la Kimaasai, nalo ni lile alilomtukania punda.

Tarehe 24 Novemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu, Namelok, binti wa Malambo, katika kanisa la Endulen. Mama anasema kilichompendeza kwake ni kwamba alikuwa mwanaume anayesikiliza hadi mwisho wa sentensi. Hilo ni kweli. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafanya alivyotaka.

Agosti 2011, akipanda Empakaai, punda walimwacha nyuma. Alikuwa amekonda, usiku analowa jasho, na chini ya mbavu za kushoto palikuwa pamevimba. Nyumbani wazee walimchoma uvimbe kwa chuma cha moto, kisha zahanati ikamtibu malaria mara tatu. Oktoba tulimfikisha hospitali ya rufaa Moshi, na Daktari Hilary, ambaye Mungu ambariki popote alipo leo, alipima damu akakuta chembe nyeupe zaidi ya laki tatu mahali ambapo hazitakiwi kuzidi elfu kumi na moja. Ilikuwa saratani ya damu. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, na kitabu changu kilisema watu wa namna hiyo zamani waliishi miaka michache tu.

Daktari alimweleza hivi: "Mzee, ndani ya kila chembe ya mwili kuna kamba za urithi. Kwako kamba mbili zilikatika, zikaungwa kinyume, kipande cha hii kwenye ile. Pale kwenye fundo inatoka amri moja: zaaneni, zaaneni, wala hainyamazi. Kidonge hiki kinaingia pale pale kwenye fundo na kuliziba mdomo."

Marehemu akasema, "Aliyefunga hakujua kufunga." Daktari akakubali.

Dawa ilikuwa ya msaada, imetolewa na watu wasiotujua wala kujua Kakesio iko wapi. Kila siku vidonge vinne, pamoja na chakula. Kila mwezi aende Moshi kuvichukua, na kwenda na kurudi ilikuwa siku nne mvua ikinyesha. Kufikia Februari 2012 damu yake ilikuwa damu ya mtu mzima wa afya, na uvimbe umekwisha. Tulimshukuru Mungu kwa misa na ng'ombe mmoja. Miaka minne alikaa hivyo, akichunga, akisimamia ujenzi wa bwawa la maji, akibishana na mimi kuhusu chumvi.

Sasa nafika mahali ambapo mama aliniomba nipite upesi. Sitapita upesi.

Mwaka 2016 Tajewo alianza kukwamwa na chakula kooni. Alipopimwa, saratani ya umio ilikuwa imekwisha kufunga njia karibu yote, na akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Marehemu alikuwa na vidonge vya saratani, na vilimezwa pamoja na chakula. Na chakula, mwanaume hali peke yake. Kuanzia Juni, kila siku, alimeza viwili, na viwili akavisaga ndani ya maziwa ya Tajewo. Hakumwambia mtu yeyote. Desemba chembe zake zilianza kupanda, na Daktari Hilary akamuuliza kama anaruka siku. Akajibu, "Sijaruka hata siku moja." Hakusema uongo.

Tajewo alifariki Februari 2017. Mwezi uliofuata marehemu alikwenda Moshi akasema mwenyewe, mbele yangu. Daktari akasema, "Mzee, saratani ni jina la ukoo, si jina la mtu. Kidonge chako kilitengenezwa kwa fundo lako wewe. Tajewo hakuwa nalo. Kwake hakikuwa na pa kushika."

Damu ilipopelekwa Dar kupimwa, jibu lilikuja kwamba baadhi ya chembe za ugonjwa zilikuwa zimebadilika kidogo, na kidonge hakiingii tena pale kilipokuwa kikiingia. Dawa nusu iliua zilizo dhaifu na kuziachia nafasi zilizo kaidi. Nilimuuliza daktari kama baba asingegawa ingekuwaje. Alisema hajui, kwa sababu ugonjwa huu hubadilika hata kwa wanaomeza zote, ila kugawa hakukumsaidia. Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Baba mwenyewe sikumshukuru. Nilimwambia kwenye benchi la kliniki, watu wanasikia, "Umempa Tajewo miaka yetu sisi." Alinisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Ningemwambiaje, Sinyati? Kaa hapo unitazame ninavyopona?"

Nikabaki na hasira. Kwa miaka mingi nilipokuja likizo nilizunguka kwa njia ya juu ili nisikutane na Mama Lukresia, mjane wa Tajewo, ambaye hakuwa na kosa lolote. Leo namwomba radhi mbele yenu.

Agosti 2017 ilipatikana dawa ya pili, inayoweza kushika hata pale palipobadilika. Hii masharti yake ni kinyume: asubuhi na jioni, tumbo tupu, saa mbili kabla yake usile, na saa moja baada yake usile. Nilimwambia baba kwamba safari hii hata akitaka, hana sahani ya kugawia. Wazee wa Makaa walipata habari. Kesho yake asubuhi walikuja watatu, wakakaa naye mlangoni, na mama alipowaletea chai waliikataa. Mzee Naftali akasema, "Kama hatuwezi kula naye, tutakaa na njaa naye." Wamefanya hivyo kwa zamu miaka saba na zaidi. Wazee wangu, hospitali tunaandika kwamba mgonjwa amefuata dawa vizuri. Hatuandiki ni akina nani waliomfuatisha. Asanteni sana.

Miaka hiyo aliishi kweli. Aliona wajukuu wanane wakizaliwa. Watoto wanne wa Tajewo walikula kwake, wakasoma pamoja na wadogo zangu, na shuleni yeye ndiye aliyeitwa walipokosea. Na kila aliyemsikia ana ugonjwa kama huu alimfuata, kutoka Malambo hadi Mbulumbulu, akamwambia, "Mimi niligawa, nikakosea. Dawa meza mwenyewe, mengine yote gawa."

Januari mwaka huu homa zilirudi, fizi zikaanza kutoa damu. Ugonjwa ulikuwa umegeuka mkali, na dawa ya pili nayo ikashindwa. Aliomba arudishwe nyumbani. Amefariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mama. Tangu alipogunduliwa ilikuwa imepita miaka kumi na tatu na miezi minane. Kitabu changu cha shule hakikuahidi hata nusu yake, nami sina la kudai.

Marehemu ameacha mjane, Namelok, na wajukuu wanane. Kuhusu watoto, kwenye karatasi mliyonayo imeandikwa watano. Ilichapwa Karatu juzi, na niliyeandika watano ni mimi, nikijua ninachoandika. Jana asubuhi Supeet, mtoto mkubwa wa Tajewo, alipewa karatasi moja. Aliisoma yote, akaikunja akaiweka mfukoni, akarudi kuchimba kaburi.

Mwenye kalamu naomba arekebishe sasa hivi, na asiye na kalamu aazime kwa jirani. Marehemu ameacha watoto tisa.

Supeet, njoo na wadogo zako msimame huku mbele na sisi.

Mungu ampe pumziko la amani baba yetu.