Mabango ya Glenda Fitch

Mbele ya duka la mikate la Kilmorran, mji mdogo wa bondeni, pana benchi la mbao, na kila asubuhi, hata kukiwa na barafu kwenye nyasi, wanalikalia wazee wale wale watatu. Bluu aliitwa hivyo kwa kuwa ujanani nywele zake zilikuwa nyekundu kama kutu. Kimya aliitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Profesa aliendesha lori la maziwa maisha yake yote, na alikuwa akisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Jumatano hiyo, uchaguzi ukiwa Jumamosi, Lorna Tregear aliegesha gari, akashusha boksi la vipeperushi vya chama chao kidogo, Sauti ya Bonde, akawakuta watu wake wamejaa benchini na vikombe vya kahawa vinafuka mvuke. Tangu mwanzo wa wiki alikuwa amewaomba wakagonge milango ya Mtaa wa Kinu kuomba kura. Hakuna mlango uliokuwa umegongwa.

— Dada Lorna, kaa kwanza, alisema Bluu. Kuna jambo zito. Mabango yameibiwa tena.

— Yapi?

— Ya barabara kuu yote. Kutoka darajani mpaka kiwanda cha maziwa, uso wa Glenda haupo. Vimebaki vigingi vitupu.

Lorna alifumba macho. Glenda Fitch, daktari wa mifugo, ndiye mgombea wao wa ubunge. Uchaguzi uliopita alishindwa kwa kura chache, wapigaji wake wangeenea kwenye basi moja la shule, na tangu hapo vyama viwili vikubwa vikakumbuka kwamba bonde lina watu. Mawaziri walikuja na viatu vipya vya shambani, wakapigwa picha na ng'ombe, wakaondoka kabla viatu havijashika tope.

— Na Mtaa wa Kinu? aliuliza.

— Tutakwendaje na wizi unaendelea? Ni wale vijana wa vyama vikubwa waliopanga hotelini. Nimewaona kwa macho yangu wakinunua koleo la kukatia nyaya.

— Walinunua soseji, alisema Profesa. Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Wewe miwani yako ya mwaka gani? Hii ni kazi ya kasuku weupe. Mwaka jana si walitafuna fremu za madirisha ya posta?

— Kasuku amtafune Glenda, awaache wengine?

— Wamefundishwa.

— Na nani?

— Hapo ndipo pa kuchunguza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Lorna.

— Si ya ndege?

Kimya, aliyekuwa na mkate mdomoni, alimeza haraka asije akapitwa.

— Nyote mmepotea. Ni mume wake. Madereva wa malori wakifika pale konani wanapunguza mwendo wamtazame Glenda. Mwanamume gani atavumilia mkewe akodolewe macho na malori?

— Kimya, mume wake ndiye aliyeyapigilia.

— Basi anajua yalipo.

— Mimi nimewaza zaidi, alisema Profesa, akainama mbele kama anayetoa siri ya serikali. Yale mabango yalichapwa mjini. Ile plastiki ni ya muda. Imetengenezwa iyeyuke kabla ya Jumamosi.

— Kwenye baridi hii?

— Ndiyo ujue utaalamu wao. Na huu ukungu wa wiki nzima mnadhani ni ukungu tu?

Lorna aliweka boksi chini. Mgongo ulimuuma, na Jumamosi ilikuwa inakuja iwe isiwe.

— Jamani, hakuna mtu anayechagua bango. Nawaombeni mlango mmoja mmoja.

— Mapya tuyapandishe juu ya nguzo, alisema Kimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Juu na mvunguni wapi na wapi?

— Ndiyo hivyo, tukiyaweka juu hawataweza kuinama. Na tufanye leo leo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Bluu akamkanyaga mguu. Kimya mwenyewe alitazama kikombe chake. Kila mmoja pale alijua kwamba mjukuu wa Lorna alizaliwa ndani ya gari, kando ya barabara, kwenye mvua, baada ya wodi ya wazazi ya Kilmorran kufungwa na mama yake kuambiwa awahi mjini. Mtoto alipona, lakini alilala hospitalini hadi Lorna akasahau sura ya kitanda chake mwenyewe. Lorna aliporudi, chama kilizaliwa jikoni kwake, na hawa watatu ndio waliokuwa wa kwanza kujiandikisha.

— Nisamehe, dada yangu, alisema Kimya. Mdomo ulitangulia.

— Najua. Umezoea kutangulia.

Mlango wa duka ulifunguliwa, akatoka mwanamke kijana na mkate wake, tumbo limejaa mbele ya koti. Aliwaamkia. Alisema anaitwa Jovelyn, wamehamia juzi kutoka Ufilipino, mumewe amepata kazi kiwandani. Akaona maandishi makubwa kwenye boksi, akayasoma polepole: Rudisheni wodi ya wazazi.

— Ninyi ndio chama chenyewe?

— Ndio sisi, alisema Bluu, akiketi wima.

— Mimi najifungua mwezi ujao. Mkishinda Jumamosi, nitajifungulia wapi?

Bluu alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Kimya. Kimya alijaza mkate mdomoni. Kisha wote wakamgeukia Lorna.

Kipeperushi kilikuwa na jibu, naye ndiye aliyeliandika: Wodi ifunguliwe sasa. Lakini Lorna alijua kwamba kiti kimoja bungeni hakiwashi taa wodini, na wakunga waliokuwapo walishahama na familia zao. Jibu hilo hakuweza kulitoa mbele ya lile tumbo.

— Mjini, mwanangu, alisema. Mbali. Gari mnalo?

— Mume wangu huenda nalo zamu ya usiku.

— Basi chukua namba yangu. Uchungu ukianza nipigie, saa yoyote. Nitakupeleka mimi.

— Hata mkishinda?

— Hata tukishinda.

Jovelyn aliingiza namba kwenye simu yake, akashukuru, akaenda zake ndani ya ukungu. Hakusema kama ana kura, na hawakumuuliza.

 Mwishowe Bluu aliinuka, magoti yakilia, akaliinua boksi kifuani.

— Nikigonga mlango, niseme nini?

— Mwambie mwenye mlango ukweli, kama tulivyomwambia huyu.

— Sisi watatu hatukumwambia kitu, Lorna. Tulikaa tunatazamana.

— Basi anzia hapo, alisema Lorna, akamfungulia mlango wa gari.