Bi Ndoo Anaondoka Chumba cha Roketi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika bustani yetu ya michezo, Bi Ndoo anastaafu. Chumba cha roketi kimemtangulia. Kilifungwa wiki iliyopita, kwa hiyo hakuna atakayerithi kiti chake.

Aliajiriwa kukata tiketi. Haukupita muda akahamishiwa ndani, kwenye kile chumba kisicho na dirisha ambamo viti hutikiswa mbele ya skrini mpaka mtu aamini anaruka angani. Wageni wengi walitoka wakicheka. Wengine walitoka wameshika ukuta, na hao ndio waliompa jina, maana aliwafikia na ndoo kabla wenyewe hawajajua kwamba wanaihitaji.

Wakongwe wa bustani hii hawajamsahau bwana harusi aliyeingia na suti nyeupe. Bibi harusi alitoka anataka kurudia. Bwana alitoka hana rangi. Bi Ndoo alimvua koti, akalikunja vizuri, akamwinamisha.

"Tapika baba, tapika," alimwambia. "Umeshaoa, huna wa kumwonea haya."

Kila filamu mpya ilipoletwa, yeye ndiye aliyetangulia kuipanda, tena mara kadhaa mfululizo, apate kujua ni wapi tumbo linapinduka. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka tu wageni waonywe mapema, wafumbe macho pale panapostahili.

Mwaka juzi, baada ya kuijaribu filamu ya mwisho, kizunguzungu kilikataa kumtoka. Tulidhani ni cha siku moja. Wiki zikapita, kitanda chake nyumbani bado kinayumba. Daktari wa masikio alimpa dawa, akampa mazoezi ya shingo, mwishowe akamwambia kwa upole ajifunze kuishi nacho. Akahamishiwa benchi la nje, akawa anawahudumia wageni akiwa amekaa, na siku nyingine hatukujua nani anamshika nani. Cherehani yake aliigawa, kwa kuwa hakuweza tena kuitazama sindano ikipanda na kushuka. Mdogo wake wa kike akawa anamleta asubuhi na kumfuata jioni, wakitembea wameshikana mikono.

Wageni nao walipungua, na uongozi ukaamua kufunga. Siku ya mwisho, fundi wa mashine alimwita ndani ili azime yeye. Akazima. Viti vilishuka taratibu, vikatulia, skrini ikawa nyeusi. Sote tulimtazama, kwa tumaini ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Vipi, dada?" fundi akauliza.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi bado nayumba, kaka."

Ahsante, dada yetu, kwa kila mgeni uliyemshika kichwa. Tunakuombea asubuhi moja uamke, ushushe miguu kitandani, na sakafu ikupokee imetulia.