Habari ya Msiba Iliyokaa Ofisini

Risala ya mafundi wa kiwanda cha ushoni, Ibra, 1999. Msomaji: Bi Ghanima

Mgeni rasmi, Bibi Thuraya, mshirika katika kampuni yetu; mudiri wetu, mkuu wa kiwanda; Bwana Nadhir, msimamizi wetu; wageni na ndugu zetu: asalamu alaykum. Kwa wakubwa zetu, shikamooni.

MAKARIBISHO

Karibu Ibra, Bibi. Tulifurahi ulipotuma neno kuwa risala isomwe kwa Kiswahili, lugha uliyolelewa nayo Unguja. Wengi wetu tumezaliwa huko, wengine Pemba, na wawili wametoka Bujumbura. Kiarabu tunakisema, lakini tulilonalo leo ni zito, na zito mtu hulitua vizuri kwa lugha ya mamaake.

TULIKOTOKA

Tulianza na vyerehani vitano katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko, tukishona mapazia. Leo sare zetu za skuli zinavaliwa tokea mji wa Sur mpaka Nizwa. Wako waliosomesha watoto kwa sindano hii, alhamdulillahi. Na Bwana Nadhir, tangu aje, hajamtukana mtu. Anasalimia wakubwa, anauliza wagonjwa. Tunalisema hili mapema kwa kuwa ni haki yake, na kwa kuwa ndilo lililotushitusha zaidi.

LILILOTUSIBU

Mwezi wa Agosti, karibu na skuli kufunguliwa, mzigo wa Sur ulitakiwa uondoke jioni. Mwenzetu Tamima ndiye mtia kola, na hapana anayemfikia kwa wepesi. Asubuhi simu ililia ofisini. Haikutushughulisha. Kidogo Bwana Nadhir akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, akamwekea Tamima kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa, dada," akamwambia. "Leo tunakutegemea wewe."

Tukamtania Tamima kuwa leo kawa bibi harusi. Akacheka, akaendelea kushona.

Alasiri Bwana Nadhir alikwenda kusali. Mimi niliingia ofisini kuchukua uzi, simu ikalia, nikaipokea. Alikuwa Sinan, kakaake Tamima, anapiga kutoka Izki.

"Tamima kafika wapi?" akauliza. "Tumemngoja mpaka watu wakasema maiti asicheleweshwe."

"Maiti gani, Sinan?"

Akasema, "Mama. Nilimwambia msimamizi wenu asubuhi, akanijibu, 'Namtoa sasa hivi.' Tumeshazika, Bi Ghanima."

Bibi, sijui ile simu niliirudisha vipi. Nilikwenda kwa Tamima, nikamzimia cherehani kwanza, ndipo nikamwambia. Hakulia. Alibaki kuitizama kola iliyokuwa mkononi mwake kama kitu asichokijua. Bwana Nadhir aliporudi alitukuta sote tumesimama.

Tamima akamuuliza, "Ulipokuja na chai, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nitakwambia," akasema. "Nilitaka umalize kola, khalafu gari yangu mwenyewe ikupeleke."

"Mama kakoshwa na nani?"

Jawabu tulilikuta Izki: maiti kakoshwa na majirani. Binti yake wa pekee, aliyekuwa mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, alikuwa anacheka na sisi huku chai yake inapoa.

Mpaka leo hatujazinduka. Angekuwa mtu wa kelele, tungejua pa kumweka. Heshima ya ulimi tulikuwa nayo tele hapa kiwandani. Hatukujua kuwa mtu anaweza kukwita dada na huku amekufichia msiba wako mfukoni. Sasa kila simu ikilia, mikono yote inasimama. Kila mmoja anajiuliza kama ni yake, na kama ataambiwa.

Siku ile hakuna aliyerudi kwenye kiti. Tulipanda gari tukaenda naye, mzigo tukauacha. Uliondoka siku ya pili yake, na hakuna mtoto wa Sur aliyekwenda skuli uchi.

Tamima aliporudi kazini baada ya msiba, aliambiwa ofisini kuwa ameshahisabiwa kaacha kazi bila ya ruhusa. Cherehani chake alikuwa amepewa msichana mgeni, Aseel. Aseel alipomuona mlangoni alisimama akasema, "Kiti hiki kina mwenyewe," akaenda kukaa sakafuni na wakata nyuzi. Tokea siku hiyo hapana aliyekikalia.

TUNAYOKUOMBA

Bwana Nadhir yumo humu ukumbini. Jana tulimwendea tukamsomea risala hii yote, maana kumsema mtu nyuma ya mgongo nako si heshima. Alisikiliza, uso kauinamisha. Mwisho akasema, "Isomeni kama ilivyo."

Hatuombi afukuzwe, na Tamima mwenyewe kalikataa hilo. Tunaomba Tamima arudi kazini kwake kama mtu aliyetoka kuzika, si kama mtoro. Tunaomba simu ya mfanyakazi apewe mfanyakazi papo hapo, hata mzigo ukiwa mlangoni. Na tunaomba Bwana Nadhir ende Izki, amwambie Sinan kwa kinywa chake, "Nilijua, nikanyamaza." Hilo hatuwezi kumsemea.

Yako na mengine: feni za ukumbi wa kukatia zimeharibika, na maji ya kunywa yanakuja ya moto. Hayo yanaweza kungoja.

HITIMISHO

Bibi Thuraya, desturi ni kumuombea mgeni kwanza. Leo tusamehe, tunaomba ukumbi wote usimame, na wewe pamoja nasi, tumuombee Bi Shukriya, mamaake Tamima, aliyezikwa na sisi tunashona. Mwenyezi Mungu amrehemu, amfanyie wasaa kaburini mwake, na ampe bintiye subira. Khalafu akuhifadhi na wewe, akurejeshe kwako salama, na akupe moyo wa kuamua mambo yetu kwa haki.

Ni sisi mafundi wa kiwanda cha ushoni, Ibra, pamoja na Tamima.