Melania Ruhaga na Konzi ya Gasper

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani wa Ujiji na nyote mliotoka mbali, poleni na msiba. Karatasi mlizoshika zimetoka kwenye mashine asubuhi hii, na wino wake bado unapaka vidole. Zimechelewa kwa sababu ya jina moja. Mzee Nikodemu Ruhaga, mdogo wake marehemu, ndiye aliyechaguliwa kusoma, naye alikataa katakata mpaka jina hilo liondolewe pale alipoliandika Frida, binti wa marehemu. Jina lenyewe ni Gasper. Kwa kuwa sauti mnayoisikia ni ya Mzee Nikodemu, mmeshajua kwamba amekubali. Kilichomgeuza kitaelezwa kwa zamu yake, maana nacho ni sehemu ya maisha ya marehemu.

Melania alizaliwa Mwandiga tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa Mzee Gervasi Ruhaga na Bibi Angelina. Katika jiko la nyumba ile palikuwa na chungu cha udongo, kimekaa kwenye kona nyuma ya mafiga. Kila unga wa ugali ulipokwisha kupimwa, Bibi Angelina alitia mkono, akachota konzi moja na kuiweka akiba kwenye chungu. Ugali ulisongwa kwa unga uliobaki, na hakuna aliyewahi kuona tofauti kwenye sahani. Miezi ya njaa ikifika, chungu kinafunguliwa na nyumba inakula. Nyumba nyingi za huko zilifanya hivyo. Melania alifundishwa konzi kabla hajafundishwa kusoma. Mkono wake ulikuwa mdogo, ukabaki mdogo hata ukubwani, na ndugu zake walimtania kwamba heri ulivyo mdogo, la sivyo angeweka akiba mpaka watu walale na njaa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwandiga, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Alikuwa na penseli aliyoitumia mpaka haishikiki, akaichomeka kwenye kijiti cha mwanzi na kuendelea. Siku moja mwalimu alimwuliza penseli yake iko wapi. Melania akafungua kiganja, mwalimu akainama kutazama, darasa zima likaangua kicheko. Mwaka ule alifaulu vizuri, lakini ada ya kuendelea haikupatikana.

Mwaka 1969 alianza kuuza dagaa Katonga, baadaye akahamia Kibirizi, na huko wengi wenu mlimfahamu. Alinunua dagaa wabichi, akawaanika mwenyewe, na jioni alifagia vipande vilivyovunjika kwenye mchanga kwa ajili ya kuku wake. Nyumbani hakuna kilichotupwa. Kipande cha sabuni kilichokonda kilibandikwa kwenye kipande kipya. Chupa ya mawese ilisimamishwa kichwa chini juani mpaka itoe tone la mwisho, halafu ikasuuzwa kwa maji ya moto na maji hayo yakaingia kwenye maharage. Maharage yenyewe yakishachemka vya kutosha, sufuria ilitolewa jikoni ikaviringishwa blanketi kuukuu ili yaive kwa joto lake, na mkaa ukafukiwa mchangani utumike tena. Mgeni akiuliza kuna nini kwenye blanketi, Melania alimnyamazisha kwa kidole, kisha akacheka peke yake. Jamani, kuna watu humu walioondoka pale wakiamini nyumba ina mtoto mgonjwa. Lakini asiseme mtu kwamba alikuwa bahili. Nani kati yenu alifika kwake akaondoka hajala?

Jumamosi tarehe 3 Juni 1972 alifunga ndoa na Pastory Bitama, fundi wa mashine za boti, akahamia Ujiji. Aliwasili amebeba chungu chake kichwani, na upande wa bwana harusi wakacheka sana, wakadhani Mwandiga hawajui masanduku. Walijaliwa watoto watatu: Gasper mwaka 1974, Frida mwaka 1978 na Erasto mwaka 1983. Gasper alikua mrefu, mwenye mikono mipana kuliko ya baba yake, na alikuwa na shoto. Bibi yake alimchapa, walimu wakamchapa, shoto halikutoka. Melania ndiye aliyesema mwacheni, mkono ni wake. Kwa jina la mtoto huyo aliitwa Mama Gasper mpaka mwisho wake.

Jumanne tarehe 9 Machi 1999 Gasper aliondoka Kibirizi na boti iliyobeba magunia ya chumvi kwenda upande wa Kongo. Boti haikufika. Siku hiyo ziwa lilikuwa shwari kabisa, na waliotafuta hawakuona ubao wala dumu wala kandambili ya mtu. Mwezi ulipopita, ndugu walikuja kuweka matanga. Melania aliwapikia, wakala wakashiba, ndipo akawaambia, "Karibuni tena siku nyingine. Mimi sijaona mwili. Matanga ya nani?" Wapo walioanza kumwita Mama Frida kwa kumhurumia, wakifikiri wanamwondolea uchungu. Hakuwaitikia. Uliweza kumwita hivyo mlangoni kwake, unamwona kabisa amekaa, asigeuze hata shingo.

Siku ile ile waliyoondoka ndugu, alipima unga wa jioni, akachota konzi yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hii ya Gasper." Tangu hapo chungu hakikufunguliwa tena kwa ajili ya njaa. Ulifika mwaka unga wa muhogo ulipanda bei mpaka nyumba nyingi za Ujiji zikashindia uji, na nyumba ya Pastory mojawapo. Erasto alikitazama chungu, kisha akamtazama mama yake. Melania akamwambia, "Kula uji, mwanangu. Hicho kina mwenyewe."

Sasa, konzi moja mchana na moja jioni, mwaka baada ya mwaka, ilipaswa kujaza magunia. Chungu hakikujaa. Unga ulisimama pale pale, chini kidogo ya ukingo. Pastory alikuwa fundi, na fundi haamini kitu kinapungua bila tundu. Alitega panya, mtego ukakaa mpaka ukashika kutu. Alikigeuza chungu, akakigonga huku na huku, hakina ufa. Mchana mmoja wa mwaka 2004, mkewe akiwa Kibirizi na watoto hawapo, alikwenda kufunua kifuniko.

Unga ulikuwa umetoka kuchotwa. Vidole vinne vipana viliacha mifereji, na dole gumba lilikuwa limezama upande wa kulia, ambako linakaa mtu akichota kwa mkono wa kushoto. Pembeni mwa alama unga ulikuwa na unyevu. Pastory aliweka mkono wake juu ya alama ile, nayo ikamzidi. Alirudisha kifuniko taratibu, akatoka kinyumenyume. Kuanzia siku hiyo, mzee yule mwenye nyumba yake hakuingia jikoni kabla hajakohoa na kusema hodi, na alifanya hivyo hadi alipofariki mwaka 2011. Frida ndiye mtoto pekee aliyeambiwa sababu.

Frida alimwuliza mama yake mara moja tu. Walikuwa wanachambua dagaa kwenye ungo.

"Mama, unga wa kwenye chungu unakwenda wapi?"

"Unaliwa."

"Na nani?"

"Mbona unaniuliza unachokijua?" Melania alisema, akaendelea kuchambua.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua marehemu na miguu ikavimba. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Frida alihamia kwake kumuuguza, na konzi ikawa kazi ya Frida. Mgonjwa alikuwa akiuliza kila ugali ukiletwa, "Umeshaweka?" Mwezi uliopita alimwita akamwambia mambo mawili, na Mzee Nikodemu alikuwepo akasikia. "Chungu kisikauke. Akikuta kitupu atajua sipo, na sitaki ajulie hapo jikoni, peke yake. La pili, mkiandika wasifu wangu, msimweke Gasper kwa waliotangulia. Sijui yuko hai au vipi. Ninachojua anakula. Mtu anayekula hawekwi na wafu." Frida aliahidi yote mawili. Melania alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa saba mchana, maji ya ugali yakiwa jikoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jumatano yenu mnaijua. Msiba ulijaa, magunia ya unga yalichelewa, na akina mama wa jumuiya walikuwa wamesimama na miko mikononi. Scola, jirani yetu mwema, aliona chungu kwenye kona, akafunua, akakuta unga. Naye amezaliwa Mwandiga; anajua chungu cha namna hiyo ni cha nini. Alisema, "Akiba ya marehemu imefika siku yake." Akasonga. Asilaumiwe na mtu, angekuwa mama yeyote wa huko angefanya vivyo hivyo. Mlikula nyote. Wapo waliosema ugali una harufu ya ziwa, na Scola akawajibu kwamba Ujiji hii kila kitu kina harufu ya ziwa.

Frida aliingia jikoni akakuta chungu kimeoshwa, kimeinamishwa mdomo chini juu ya kichanja, kinakauka. Akakaa chini pale pale.

"Scola, umepika ya Gasper."

"Gasper gani tena, dada?" aliuliza Scola, maana alihamia Ujiji juzi juzi tu.

Frida alitaka kukijaza saa ile ile kwa unga wa kuazima. Mzee Nikodemu akamzuia. "Frida mwanangu, basi. Dada yangu kaenda, na hili liende naye. Huyu kijana tumwandike kwa waliotangulia, tumpumzishe na sisi tupumzike. Au unataka watu watucheke makaburini?"

"Mjomba, niliahidi. Na wewe ulisikia."

"Nilisikia maneno ya mgonjwa."

Alikichukua chungu kikiwa kitupu, akakifungia stoo na kuweka ufunguo mfukoni. Frida alilia Jumatano yote na Alhamisi yote, na hakuwa anamlilia mama peke yake. Alikuwa anamwona kaka yake amefika jikoni, amefunua, amekuta hakuna.

Leo asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Mzee Nikodemu alikwenda stoo kuchukua majembe ya kaburi. Alifungua kwa ufunguo wake. Chungu, alichokiacha kimeinamishwa mdomo chini, kilikuwa kimekaa wima na kifuniko chake juu. Sakafu ilikuwa na majimaji. Aliita, "Nani kaingia humu?" na waliokuwa uani walimsikia, maana sauti ilimpanda. Hakuna aliyeingia. Akafunua.

Katikati ya chungu paliwekwa konzi moja ya unga. Moja tu, mbichi yenye unyevu, bado ina umbo la kiganja kilichoibana, imewekwa polepole jinsi inavyowekwa akiba. Mzee Nikodemu ni mkulima, mkono wake mnaujua. Aliupima juu ya umbo hilo, ukazidiwa kama ulivyozidiwa wa Pastory.

Alikibeba chungu kwa mikono miwili mpaka kwa Frida, akakiweka mbele yake. Frida alitazama ndani, akasema, "Hii ya mama." Mzee Nikodemu alijifuta uso kwa kofia yake. "Andika ulivyoahidi," akasema. "Mimi nitasoma."

Basi yafuatayo yameandikwa kama marehemu alivyotaka. Melania ametanguliwa na wazazi wake, Gervasi na Angelina, na mume wake, Pastory. Ameacha watoto watatu, Gasper, Frida na Erasto, wajukuu, na mdogo wake, Nikodemu.

Ikifika saa ya kutia udongo, kila mmoja atatia konzi moja. Itakayotangulia ni ile ya unga, na Frida ataiweka. Upande wa kushoto wa kaburi, unaoelekea ziwani, familia inaomba asisimame mtu.

Pumzika kwa amani, Mama Gasper. Na wewe umewekewa.