Mama Futi, Aliyezitimiza Kilomita Kumi

Marehemu, ambaye hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mama Futi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa karani wa stoo na mshonaji wa nyumbani. Jina hilo alilipata kwa futi ya kamba iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, na kwa kutoamini kipimo cha mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha chuo cha ufundi miaka miwili. Huko alitolewa darasani kwa kumwambia mwalimu, mbele ya wenzake, kwamba rula yake imelika mwanzoni. Ilikuwa imelika kweli. Hakuomba radhi, na nyumbani hakuna aliyemlazimisha.

Mwaka 1983 aliajiriwa chumba cha kushonea cha hospitali, chini ya ngazi za wodi ya wazazi, akishona shuka, mapazia na magauni ya upasuaji. Wakubwa walioshuka mle kumfundisha kazi walisikilizwa cherehani ikiendelea kulia. Mwaka 1986 aliolewa na fundi baiskeli, mwanamume mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2017 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Alipasuliwa mara mbili, akapungua mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Alichokitaka alipopata nafuu ni kurudi kwenye cherehani yake, basi. Lakini utawala ulikwisha kuchapa barua ya kumstaafisha. Kabla haijatumwa, mkurugenzi alikumbuka matembezi ya hisani ya kuchangia wodi ya saratani, akaona mgonjwa anayetembea ni tangazo zuri. Zikachapwa fulana zenye picha ya marehemu akiwa kitandani, bila yeye kuulizwa. Fulana hizo baadaye zilifaa sana kufutia mafuta ya cherehani. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, akatamka mbele ya watu, "Mama yetu akimaliza kilomita kumi, kiti chake kinamsubiri." Alikuwa mkarimu kwa sababu alijua hawezi kumaliza.

Siku moja kabla ya matembezi, mumewe alifunga kitambaa kwenye gurudumu la baiskeli, akaisukuma njia nzima akihesabu mizunguko. Alipata kilomita nane na robo. Kamati, watu tisa wenye shahada, ilikuwa imepima kwa gari la mkurugenzi, na dereva alianza kuhesabu kutoka getini kwa bosi wake. Marehemu alipowaeleza, mwenyekiti wa kamati alicheka.

"Mama, si inatosha hiyo? Na wewe mgonjwa."

"Nikushonee shuka fupi kwa kuwa unaumwa?" marehemu alimjibu.

Jumamosi tarehe 20 Oktoba 2018 alitembea, wifi yake, anayesoma wasifu huu, akimbebea maji. Wakubwa waliteremka kwenye magari mita mia mbili kabla ya utepe, wakajimwagia maji usoni ili wapigwe picha. Marehemu alifika wa mwisho, akaikataa medali, akapita katikati ya mahema bila kusimama. Kutoka pale, ambapo ndipo matembezi yalipoanzia pia, hadi getini kwa mkurugenzi ni kilomita moja na robo tatu. Alipumzika mara nne na kutapika mara moja. Wifi alimsihi waite gari, akaambiwa apande yeye.

Mkurugenzi alitoka na kitambaa cha chakula shingoni.

"Kumi zimetimia," marehemu alisema, ameshika geti. "Jumatatu nakuja."

Jumatatu alikwenda, akashona hadi alipostaafu mwaka 2021, kwa tarehe yake na si kwa barua ya mtu. Ugonjwa ulimrudia mwaka jana, akafariki nyumbani asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia, na hatutajifanya hatukuumia.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na wifi mmoja.

Mkurugenzi, aliyeketi mstari wa mbele, ameomba dakika tano za kumzungumzia shujaa wake. Marehemu aliulizwa juu ya jambo hilo akiwa na akili zake timamu, akasema hapana. Basi na tumpeleke. Mungu ampumzishe kwa amani.