Mahindi ya Boma la Minyaa

Mwaka ule sukari haikupatikana Shinyanga mpaka umjue mtu anayemjua mtu, kwa hiyo kahawa ya Bujiku ilinywewa chungu hivyo hivyo, na kashata ya karanga pembeni. Benchi lake lilikuwa nyuma ya stesheni, limeegemea ukuta wa ghala la pamba, na waliolikalia walikuwa wale wale. Kulikuwa na Clemens, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kulikuwa na Donatus wa Mwamba, aliyechimba dhahabu Geita miaka mingi akarudi na kikohozi na matumaini. Na kulikuwa na Nkwabi, karani wa mizigo, ambaye pale kijiweni aliitwa Lami. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alisema kazaliwa mjini, kakulia mjini, na miguu yake haijui tope, ingawa lami yenyewe hapa mjini ilikuwa kipande kifupi na mvua zilishaanza kukila. Jumamosi watatu hao walidandia lori la parokia lililokwenda kufuata mahindi ya sherehe upande wa Kharumwa, kwenye shamba la mjane mmoja, Mama Epifania, asiyejua mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu, na mahindi yake yanampita mtu mrefu. Walitoka alfajiri, wakarudi usiku wameshiba. Jumapili, baada ya misa, walikuwa benchini wakitafuta sababu.

— Yale ni ya maonyesho, alianza Clemens. Kapewa mbegu za kuonyesha wageni. Nenda siku nyingine uone, utakuta mabua tu.

— Mbegu gani? alisema Donatus. Chini ya pale kuna mwamba. Nimechimba, naujua. Hukuziona nywele za yale mahindi? Rangi gani ile?

— Nywele za mahindi yote ndivyo zilivyo.

— Zile zilikuwa zinameta, Clemens.

Nkwabi alikunywa kahawa yake kimya. Viatu alikuwa amevipiga rangi asubuhi, lakini udongo mweusi ulibaki kwenye mishono, na miguu ameivuta chini ya benchi ili usionekane. Sababu yeye aliijua. Aliijua tangu lori lilipopinda pale kwenye kichuguu na akaiona minyaa ya ua, imeyazunguka mahindi kama zamani ilivyowazunguka ng'ombe. Ndani ya boma lile ndimo alimozaliwa. Mwaka wa Operesheni ya vijiji walihamishwa wote, yeye akapanda treni akaja mjini, akawa Lami. Sasa aseme nini? Neno moja tu, na angeitwa Samadi mpaka siku ya kuzikwa.

— Lami, mbona kimya?

— Mimi mtu wa mjini. Mahindi nayajua yakishakuwa unga.

— Na aliyakataa, Bujiku, alisema Clemens. Mama wa watu anamgawia kila mtu mahindi, huyu anamwambia yeye ni mtu wa mkate.

— Mkate upi? aliuliza Bujiku, maana mkate haukuwa umeonekana mjini mwezi mzima.

Wakacheka, na Nkwabi akacheka nao, akaona yuko salama.

— Sikilizeni, alisema Clemens. Mnakumbuka kile chombo cha Wamarekani kilichoanguka kutoka angani? Walisema vipande vimeangukia mbali huko. Nani alivihesabu? Kimoja kimeingia Kharumwa.

— Kikafanya nini?

— Kikarutubisha. Vitu vya angani vina joto.

— Kama si dhahabu, alisema Donatus, basi ni woga. Yule mama alivyomfokea Clemens kwa kukanyaga tuta, mtu mzima na suti yake ya misa, hindi gani lingethubutu kudumaa mbele yake?

Hiyo ilikubalika kwa muda. Bujiku alijaza vikombe. Mambo yangeishia hapo kama Donatus asingeendelea, lakini Donatus alipenda kuchimba hata pasipo na kitu.

— Au tuseme hivi. Pale ni mahame, sivyo? Aliyekuwa anakaa pale alikuwa mvivu. Hakulima. Ardhi ikalala miaka na miaka, ikanenepa. Mama Epifania anafaidi uvivu wa mtu.

— Alilima, alisema Nkwabi.

— Nani?

— Huyo mtu. Watu wa kule hulima.

— Umejuaje?

— Nasikia sikia.

Bujiku alikuwa ameshika dele la kahawa akimtazama. Yeye hakwenda safari, na asiyekwenda ndiye anayesikiliza vizuri.

— Clemens, mmesema jana Lami alirudi kutoka nyuma ya minyaa macho mekundu.

— Utomvu ulimwingia. Alisema unachoma sana.

— Ni kweli unachoma, alisema Bujiku. Sasa mtu wa lami alijulia wapi kuwa huo ni utomvu wa minyaa?

Nkwabi akasema alisoma mahali. Clemens akasema, hata mimi nilishangaa, sisi wote tuliingilia lango kubwa, huyu akainama akapenya kitundu cha ndama, na kitundu chenyewe kimefunikwa na majani, hakionekani. Nkwabi akasema ilikuwa bahati tu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye kikapu kichwani, anasubiri treni ya Mwanza, akaomba apumzike kidogo.

— Shikamoo mama, walisema wote.

— Marahaba wanangu. Endeleeni tu.

Wakaendelea, na kwa kuwa wamepata msikilizaji mpya, walianza upya tangu maonyesho. Wakampa mwamba unaometa, wakampa chombo cha Wamarekani, wakampa hindi lenye woga, na mwisho Donatus akamkabidhi mvivu wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya karanga.

— Minyaa hupandwa na mtu, alisema. Hilo boma lilikuwa la nani?

Donatus alimtazama Clemens. Katika kuzunguka kote kule, kula kwao, na kupakia kwao, hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nkwabi alivitazama viatu vyake. Baba yake alifia kijiji kipya, na mpaka anakufa hakuililia nyumba aliyoiacha. Aliililia samadi. Na sasa anaitwa mvivu nyuma ya stesheni, mwanawe akiwa hapo hapo na kikombe mkononi. Nkwabi alichoka ghafla, akaitoa miguu chini ya benchi.

— La Mzee Mageni, mayu, alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Baba yangu.

Hakuna aliyecheka.

— Na dhahabu? aliuliza Donatus polepole.

— Hakuna dhahabu, Donatus. Ni mavi ya ng'ombe. Mavi ya Mabaka, na ya Posta, tuliyemwita hivyo kwa sababu jioni hakukosa kufika. Na ya Karani.

— Karani?

— Dume mmoja mvivu, hakutaka kabisa kuvuta plau. Baba alisema amenifanana.

Mama alicheka wa kwanza, kicheko cha kifuani, ndipo na wengine wakathubutu, na Nkwabi mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Safari hii hakusingizia utomvu.

— Clemens, alisema alipotulia, yale mahindi uliyopewa mmeyamaliza?

— Limebaki moja. Mke wangu kalining'iniza jikoni, la mbegu.

— Nipe hilo. Sitalila.

Clemens Redio, ambaye watu hawakumbuki siku aliyowahi kuondoka bila la kusema, alikiweka kikombe chini akaenda kulileta.