Kisanduku cha Masahihisho

Ndugu, majirani na wasomaji wa kijarida cha Kitufe, huu ni wasifu wa kaka yangu, na ninayeusoma ni mimi, mdogo wake wa pekee. Aliagiza mwenyewe akiwa kitandani, mbele ya mke wake: "Asome yeye, asisome mwingine." Mnaonifahamu mnajua kwamba hata kuomba chumvi mezani naona haya. Kaka alilijua hilo kuliko nyote. Kwa hiyo tangu Jumamosi najiuliza alikuwa na lengo gani, na nahisi nimetegwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na karani wa posta. Mama anasema hata uji aliunusa kwanza kabla ya kuunywa. Alipotimiza miaka tisa, mjomba alimletea kigemu cha mkononi. Siku ya tatu, baada ya kushindwa hatua moja tangu asubuhi, alichukua bisibisi akakifungua. Mama akamuuliza anatafuta nini. Akajibu, "Kuna mtu humu anaiba." Kigemu hakikuwaka tena, na mpaka mwaka huu bado alimshuku mjomba kwamba alikileta kikiwa kibovu. Mjomba, naona unacheka, lakini hukuwahi kukanusha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akamaliza sekondari 1995, na mwaka 1998 akapata cheti cha ufundi bomba. Sekondari alikuwa na daftari la siri alimoandika habari za gemu na katuni, likizunguka chini ya madawati. Mwalimu wa zamu alilinyang'anya. Wiki mbili baadaye alimwita ofisini, akafunga mlango, akamuuliza sehemu inayofuata iko wapi.

Mwaka 2001 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma mita. Miaka ishirini na moja ya kufunua vifuniko na kukuta sumaku, vijiti na nyuzi za kila aina za kuzuia mita isizunguke haikumwachia imani kubwa kwa binadamu. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ile ya mezani sebuleni. Februari 2006 alianzisha kijarida chake, Kitufe: kurasa ishirini na nne za fotokopi, pini mbili mgongoni, ndani yake michezo ya video, katuni, filamu na muziki. Yalitoka matoleo sitini na moja. Hakusifu mchezo ambao hajaumaliza. Muuzaji akimletea CD ya bure, aliishika kwa ncha za vidole, akaenda kununua nyingine kama hiyo duka la pili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku kimeandikwa Masahihisho, na sheria yake ilikuwa moja: aliyekosea anajisahihisha mwenyewe, kwa jina lake. Yeye mwenyewe aliwahi kumwomba radhi shujaa wa mchezo kwa kuandika kwamba hajui kuogelea.

Mke wake alimpata kwa njia hiyo. Mshonaji mmoja aliandika barua kusema toleo la kumi lina kosa ukurasa wa saba. Kaka alishuku kwamba hakuna mshonaji, kuna mwanamume kutoka gazeti la washindani. Akaenda kuhakikisha akiwa na sare ya kazi na daftari la mita. Wifi yangu anasimulia kwamba mara ya tatu alimsimamisha mlangoni: "We kaka, mita gani inasomwa mara tatu kwa mwezi?" Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 2009, wakajaliwa binti mmoja.

Sasa nafika mwaka 2017, na hapa naomba mnivumilie.

Mwaka huo makala za Kitufe zilianza kutokea katika gazeti moja kubwa kabla kijarida hakijatoka, maneno yamegeuzwa kidogo tu. Waliokuwa wanaona kurasa mapema ni watatu: wifi aliyezihakiki, mimi niliyezichapa, na mchoraji, rafiki wa kaka tangu sekondari, tunayemwita Kifutio. Mtu alimwona Kifutio akitoka kwenye jengo la gazeti hilo. Kaka akamuuliza palepale duka la fotokopi, watu wanasikia.

"Ulikwenda kufanya nini kule?"

"Nilipeleka tangazo la saluni ya shangazi. Unaniuliza kama mwizi?"

"Nakuuliza."

"Basi umeshajijibu," Kifutio akasema. Akakusanya kalamu zake akaondoka, na hakurudi. Mimi nilikuwa pembeni nabana kurasa kwa pini. Niliendelea kubana.

Toleo lililofuata, la thelathini na nane, nalo liliibiwa. Tangu hapo kisanduku cha Masahihisho hakikuandikwa kitu. Kila nikichapa ukurasa wa mwisho nilimuuliza, "Hapa niweke nini?" Naye alijibu bila kuinua macho, "Acha wazi. Mwenyewe atakuja kujaza." Matoleo ishirini na matatu. Wasomaji walidhani tumeacha kukosea. Mimi nilikuwa namtazama usoni nijue anajua au hajui, nikijiambia hajui.

Mwaka 2022 miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni figo. Hata huko hakubadilika. Kipimo cha presha alikitaka kimpime muuguzi kwanza. Alikaa wodini wiki sita, akifanya masahihisho kwenye tangazo la saa za kutazama wagonjwa. Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa nne asubuhi, mke wake amemshika mkono.

Jana wifi alinipa bahasha, akasema, "Kaniambia nikupe ukishakubali kusoma." Ndani mna kurasa mbili za toleo la thelathini na nane, zinazoeleza jinsi ya kulishinda jitu la mwisho la mchezo. Ukweli ni kubonyeza kitufe mara tano. Nakala aliyompa mke wake inasema mara saba. Niliyopewa mimi inasema mara tisa. Na kuna kipande cha gazeti: mara tisa, amezungushia wino mwekundu. Nyuma yake ameandika, "Hicho kisanduku ni chako, mdogo wangu."

Alijua miaka saba. Miaka saba alinipa kurasa zake na kunimiminia chai.

Masahihisho. Katika toleo la thelathini na nane ilisemwa kwamba mchoraji wetu ametuacha kwa sababu zake. Si kweli. Aliyepeleka kurasa gazetini ni mimi. Mhariri mmoja kule aliniambia wakizipenda watamwita kaka kazini, na mimi nilitaka aache kuzunguka juani. Hawakumwita. Wakaniomba nyingine, nikapeleka, na rafiki yake aliposhukiwa nikanyamaza kwa woga. Kifutio, wewe uliyesimama pale getini kana kwamba hujaalikwa, hukuiba kitu. Nisamehe.

Marehemu ameacha mama, mjomba, mke, binti na mdogo wake. Ratiba mliyoshika mkononi inaishia hapo, na hilo nalo ni kosa langu kwa sababu nimeichapa mimi. Ongezeni kwa kalamu: ameacha na rafiki.

Kaka, kisanduku nimekijaza. Sasa pumzika.